Dondoo muhimu: Tuyalinde maji ya ardhini Makongolosi

Makongolosi, wilayani Chunya, ni mji wa dhahabu. Visima vya nyumbani na mialo ya wachimbaji ya kuchenjulia dhahabu hutegemea maji yaleyale ya ardhini.

- Pima kina cha maji kisimani kila mwezi. Teremsha kamba safi yenye alama za mita alfajiri, kabla watu hawajachota. Andika kina na tarehe daftarini.
- Linganisha kipimo cha Oktoba na cha Oktoba iliyopita. Maji yakizidi kushuka mwaka hadi mwaka, punguza kuvuta kwa pampu.
- Weka zebaki ya kukamatia dhahabu mbali na visima. Kuchemsha maji hakuiondoi.
- Linda Mto Lupa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inatenga mita 60 kandokando ya mito zisiwe na shughuli za kudumu.
- Omba kibali Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Rukwa kabla ya kuchimba kisima.