Mguu Mmoja Ukivimba, Usichue

Kijitabu kwa kaya yenye mgonjwa wa ini

Kinamhusu nani

Kila nyumba yenye mtu mwenye homa ya ini ya muda mrefu, ini lililosinyaa, ini lililoharibiwa na pombe au kichocho, au ini lenye mafuta. Asome mgonjwa, asome na anayemuuguza, maana mara nyingi anayechua ni huyo muuguzaji.

Jambo la kwanza

Mguu mmoja ukivimba, usichue.

Kwa nini

Wengi wanaamini mgonjwa wa ini ana damu nyepesi, hivyo damu yake haiwezi kuganda. Si kweli. Mtu huyohuyo anaweza kutokwa damu puani leo, na kesho damu ikaganda ndani ya mshipa wa mguu au wa tumbo. Donge la damu lililo mguuni likichuliwa linaweza kung'oka na kwenda mapafuni. Hapo mgonjwa hukosa pumzi, na anaweza kufa kabla ya kufikishwa hospitalini.

Sisi wa hospitali tunawapokea wagonjwa wakiwa wamechelewa, mguu umepakwa mafuta na majani, umechanjwa chale. Waliofanya hivyo walimpenda mgonjwa wao. Tunaomba upendo huohuo umlete kwetu mapema.

Miguu yote, au mmoja?

Miguu yote miwili ikivimba polepole, mara nyingi ni maji yanayoletwa na ugonjwa wa ini. Mpeleke kliniki.

Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, ukauma, ukawa wa moto au ukabadilika rangi, hiyo ni dharura. Usiseme "ni kawaida yake kuvimba". Kila asubuhi tazama miguu yote miwili na uilinganishe.

Usifanye haya

- Usiuchue kwa mafuta, samli wala dawa ya kuchua.
- Usiukande kwa maji ya moto.
- Usiuchanje chale.
- Usiufunge kwa kitambaa cha kubana.
- Usimnunulie diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini dukani. Zinaweza kumtoa damu tumboni na kuumiza figo.
- Usimpe dawa ya kuyeyusha damu aliyoandikiwa mtu mwingine. Kama ameandikiwa yeye, asiikatishe bila daktari.
- Usingoje kesho.

Tunarudia: usichue. Hata akikuomba, usichue. Hata akisema anapata nafuu, usichue.

Hatari ya damu kuganda inapozidi

Akilala kitandani siku nyingi, baada ya upasuaji au kuvunjika mguu, katika safari ndefu ya basi, wakati wa ujauzito na wiki za baada ya kujifungua, na akiwa na saratani. Siku hizo ikague miguu asubuhi na jioni. Mwenye nguvu atembee kidogo kila siku. Asiyeweza kuinuka achezeshe nyayo juu na chini, mradi hakuna mguu uliovimba.

Ini lenye mafuta

Wenye ini la namna hii hufa zaidi kwa magonjwa ya moyo kuliko kwa ini lenyewe. Pima presha na sukari, hata kama hujisikii vibaya. Acha sigara. Punguza chumvi, soda na vyakula vya kukaanga. Tembea. Dawa za presha na kisukari usiziache kwa sababu umepata nafuu.

Pombe

Ini lililoumia halina kiasi cha pombe kilicho salama.

Mkimbize hospitali saa hiyohiyo

- Mguu mmoja umevimba.
- Pumzi inambana ghafla, kifua kinauma, au anakohoa damu.
- Mdomo umepinda, mkono umelegea, au maneno hayaeleweki.
- Tumbo linauma sana ghafla, au linajaa maji kwa haraka.
- Anatapika damu, au choo ni cheusi tii.
- Amechanganyikiwa, au haamki vizuri.

Mkifika

Toeni daftari la kliniki na dawa zote anazotumia, pamoja na za miti shamba. Semeni mapema, msingoje kuulizwa: "Huyu ni mgonjwa wa ini, na mguu mmoja umevimba." Njiani asichuliwe.