SOMO KWA VYAMA: MAKUMBI YA NAZI NA MAJI MACHAFU YA KARAKANA



Katika ukaguzi wa chama kimoja cha mafundi hapa mjini, katibu aliniuliza: "Ndugu Mkaguzi, nimesikia kwamba makumbi ya nazi husafisha maji yenye risasi. Wauza madafu wa Kariakoo huyatupa kila siku. Je, chama kijenge chujio?" Swali hilo lastahili somo.

Kwanza, tuujue ubaya wenyewe. Betri za magari zina risasi na asidi; kazi ya kung'arisha vyuma hutumia kromi na nikeli. Hizi ni metali nzito, nazo haziozi kama taka za jikoni. Zikimwagwa mferejini, mvua huzisukuma hadi Mto Msimbazi, ambao kando yake mchicha umelimwa miaka mingi. Wataalamu wamezikuta metali hizo katika maji ya mto na katika mboga za bondeni. Hivyo, risasi ya karakana yaweza kurudi mezani pa mwanachama yule yule. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi kijulikanacho kuwa salama. Hudhuru hasa ubongo wa watoto.

Pili, kazi ya makumbi. Nyuzi za mmea zina vishikizo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hunasa metali iliyoyeyuka majini. Makumbi mabichi hunasa kidogo, tena huyatia maji rangi ya kahawia. Kwa hiyo wataalamu huyasaga, huyaosha, huyaloweka katika kostiki soda au huyapasha moto pamoja na asidi ya limau, kisha huyasuuza na kuyakausha. Vishikizo huongezeka. Kazi hii ni ya maabara, kwani kostiki soda huunguza ngozi na macho.

Tatu, mipaka yake. Asidi ya betri huzuia makumbi yasinase risasi. Sharti ipozwe kwanza kwa chokaa. Vishikizo vikijaa, risasi hupita, na maji huonekana safi vile vile. Kipimo cha maabara pekee ndicho kitakachoonyesha. Zaidi ya hayo, risasi haikuangamia, bali imehamia makumbini. Ukiyachoma, itabaki katika moshi na jivu. Ukiyatupa bustanini, umeirudisha kwenye mchicha. Hizo ni taka za hatari, nazo zinasimamiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Nilimjibu katibu hivi: msianze na chujio. Betri chakavu zisipasuliwe uani, asidi isimwagwe mferejini, na maji machafu yakusanywe katika mapipa ya plastiki yenye vifuniko. Kisha Bodi iombe ushauri wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Chujio lijengwe baada ya kujulikana nani atapima maji na makumbi yaliyotumika yatapelekwa wapi.

Maswali ya kujadili mkutanoni:

1. Maji ya karakana yetu huishia wapi?
2. Nani katika chama hushika asidi, na ana glavu?
3. Tukijenga chujio, gharama ya kupima maji itatoka fungu gani?