Misungwi, Sengerema au Geita: maswali na majibu kuhusu kuishi na kufanya kazi pande mbili za Daraja la Kigongo–Busisi

Miji inayolinganishwa hapa imekaaje?

Busisi ipo ukingo wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza, wilayani Sengerema, ikitazamana na Kigongo iliyo upande wa Misungwi. Kutoka Usagara, njia panda ambako barabara ya Geita inaachana na ile ya Shinyanga, hadi Geita mjini ni kilomita 90, na Busisi inafikiwa mwanzoni tu mwa safari hiyo. Ukiipita, mwendo wa takriban kilomita 30, unaingia mji wa Sengerema. Geita inafuata baada ya kilomita nyingine 50 hivi. Mji wa Misungwi wenyewe hauko kwenye barabara hii. Upo kusini mwa Usagara, kwenye barabara ya Shinyanga, na ndio ulio karibu zaidi na Jiji la Mwanza.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 467,867 katika Wilaya ya Misungwi na 425,415 katika Halmashauri ya Sengerema, mbali na Halmashauri ya Buchosa ya wilaya hiyohiyo. Mkoa mzima wa Geita, uliozaliwa mwaka 2012, ulikuwa na watu 2,977,608. Takwimu hizi zinajumlisha vijiji na mashamba, kwa hiyo anayetafuta mahali pa kuhamia asizichukue kuwa ukubwa wa mji. Mjini penyewe, Geita ndiyo kubwa na yenye pilikapilika kuliko zote tatu, na hata mgeni huliona hilo akifika stendi.

Daraja limebadili nini hasa?

Daraja la John Pombe Magufuli, ambalo wengi bado wanaliita la Kigongo–Busisi, lina urefu wa kilomita 3. Jiwe la msingi liliwekwa Desemba 2019, na Rais Samia Suluhu Hassan alilizindua tarehe 19 Juni 2025. Kabla ya hapo kila basi, lori na gari la wagonjwa lilivushwa kwa vivuko vya TEMESA, wakala wa serikali. Safari ya majini pekee ilichukua zaidi ya nusu saa, na foleni ya kusubiri zamu ingeweza kula saa mbili au zaidi. Sasa ghuba inavukwa kwa dakika chache, usiku na mchana.

Faida kubwa kuliko dakika zilizookolewa ni uhakika. Mfanyabiashara wa samaki wa Sengerema hakuwa akijua barafu yake itamfikisha Mwanza au itaishia kwenye foleni. Mwenye nyanya alipanga bei akijua kwamba sehemu ya mzigo itaharibika juani. Mjamzito aliyepewa rufaa ya Hospitali ya Bugando jijini Mwanza usiku alikuwa akitegemea ratiba ya kivuko. Kwa familia inayochagua mahali pa kuishi, hilo la mwisho lina uzito kuliko yote, na ndilo linaloipa Sengerema sifa mpya ambayo haikuwa nayo mwaka 2024.

Umbali, hata hivyo, haukupungua. Geita bado ipo zaidi ya kilomita 100 kutoka Mwanza, na hakuna mfanyakazi wa kawaida atakayekwenda na kurudi kila siku akabakiwa na kitu mfukoni. Kutoka Sengerema inawezekana, lakini nauli mbili kwa siku, siku 5 au 6 kwa wiki, humeza nafuu yote ya kodi ya nyumba. Wanaosema Sengerema imekuwa kitongoji cha Mwanza wametangulia mbele ya mambo. Kwa anayefanya kazi jijini na kutaka kulala nje ya jiji, Usagara na Misungwi ndizo zinazofaa, na wala hazihitaji daraja.

Na Busisi yenyewe imepata au imepoteza?

Imepata na imepoteza, na haki ni kuyataja yote mawili. Kwa miaka mingi uchumi wa Busisi ulijengwa juu ya foleni. Gari liliposimama, abiria walishuka kunyoosha miguu, na wachuuzi wakawasogelea na mabeseni ya sato wa kukaanga, mayai ya kuchemsha, karanga na maji ya chupa. Pembeni mahindi yaligeuzwa juu ya jiko la mkaa, na nyuma yake kulikuwa na mama ntilie mwenye wali, dagaa na mchicha kwa dereva wa lori aliyejua hataondoka mapema. Kila saa ya usumbufu wa msafiri ilikuwa saa ya riziki kwa mwenyeji, Kigongo vilevile.

Basi linalopita darajani halina sababu ya kusimama. Kwa hiyo anayefikiria kufungua mgahawa au duka Busisi asipige hesabu kwa wingi wa magari yanayopita, ahesabu yanayosimama. Biashara yenye msingi ni ile inayotokana na Busisi yenyewe: dagaa na samaki wa mwaloni, yaani pale mitumbwi inaposhusha, mihogo na viazi vitamu vya vijiji vya nyuma, na huduma kwa malori yanayohitaji maegesho, gereji na mahali pa kulala. Malori hayo yapo, kwa sababu barabara hii ndiyo inayopeleka mizigo Kagera na mpaka wa Rusumo. Halmashauri ikijenga eneo rasmi la malori na soko la samaki kando ya barabara, waliopoteza foleni watapata pa kuegemea. Watu hawa wanastahili mpango wa aina hiyo, maana ndio waliolipa gharama ya maendeleo ambayo wengine wote wanayafurahia.

Kazi na fedha zinatoka wapi katika kila mji?

Hili ndilo swali la kuuliza kabla ya lingine lolote, kwa sababu mji huchaguliwa kwa namna fedha inavyoingia na kuzunguka ndani yake.

Geita inaishi kwa dhahabu. Mgodi wa zamani ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966. Mgodi wa sasa, wa kampuni ya AngloGold Ashanti, ulianza uzalishaji mwaka 2000. Ajira za moja kwa moja mgodini zinahitaji ujuzi: mafundi umeme na mitambo, waendesha mashine kubwa, wapima ardhi, wataalamu wa maabara. Nyuma yao kuna wazabuni wa chakula, usafiri, ulinzi, sare na vipuri. Upande mwingine kuna wachimbaji wadogo na mnyororo wao mrefu: wenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, wenye makarasha ya kusaga mawe, wachenjuaji, wanunuzi wa marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa, na madalali. Tangu Machi 2019 Geita ina soko rasmi la dhahabu, ambako mchimbaji mdogo anauza kwa bei elekezi badala ya kuuzia chumbani kwa mtu. Fedha ya Geita inakuja kwa kishindo na kuondoka hivyohivyo. Mwosha magari, fundi cherehani na mwenye baa wote wanajua duara likitoa, mji unachangamka. Likikauka, madeni ya dukani yanarefuka. Mwenye ufundi unaotakiwa mgodini hana sababu ya kwenda kwingine. Asiye na ufundi wala mtaji atakutana na wengi waliofika kabla yake wakiwa na matumaini yaleyale.

Sengerema inaishi kwa mashamba, ziwa na mishahara ya serikali. Mihogo, mahindi, mpunga, pamba, samaki wa mialo ya Buchosa na Sengerema, kisha walimu, wauguzi na watumishi wa halmashauri wanaopokea mwisho wa mwezi. Mzunguko wake ni wa taratibu lakini unatabirika: mavuno yakija, bati na saruji vinauzwa, mwisho wa mwezi ukifika, maduka yanajaa. Fundi ujenzi, mwenye duka la pembejeo, mwenye mashine ya kukoboa na kusaga, muuza dawa za mifugo, hao hustawi Sengerema.

Misungwi ni mji wa wilaya unaopumua kwa pafu la Mwanza. Mpunga, dengu na pamba vipo, lakini kinachouvuta mji na vijiji vyake kaskazini ni jiji linalopanuka kupitia Buhongwa kuelekea Usagara. Huko ndiko viwanja, maghala na viwanda vidogo vinakoelekea. Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, inapita Fela wilayani humo. Anayefanya biashara ya uchukuzi na uhifadhi wa mizigo aitazame Misungwi kabla ya Geita.

Gharama za maisha zikoje?

Geita ndiyo ghali. Mishahara ya mgodi na fedha ya dhahabu hupandisha kodi za vyumba, hasa vyumba masta na nyumba zenye uzio, na mwalimu hulipa bei iliyowekwa kwa kumtazama mwendesha mitambo. Sengerema ni nafuu zaidi kwa chumba na chakula, na mwenye eneo dogo nje ya mji anaweza kulima mihogo na mboga zake. Misungwi mjini ni nafuu pia, lakini ukisogea Usagara bei ya kiwanja inapanda kwa kadiri unavyoikaribia Mwanza. Samaki wabichi ni rahisi zaidi karibu na mialo. Misungwi mjini, iliyo mbali kidogo na maji, dagaa wakavu ndio kitoweo cha kila siku.

Vipi huduma za afya na elimu?

Hospitali ya rufaa ya kanda ni Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima ndani ya Jiji la Mwanza, na wilaya zote tatu huitegemea kwa magonjwa makubwa. Sengerema ina hospitali ya Jimbo Katoliki la Geita inayotumika kama hospitali teule ya wilaya na yenye chuo cha afya kando yake, jambo linaloupa mji huo huduma nzuri kuliko ukubwa wake. Geita ina hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa elimu ya juu, Mwanza inabaki kuwa mlango, hasa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kilichopo Malimbe.

Mgodi wa Nyanzaga utaifanya Sengerema kuwa Geita ya pili?

Kwa sehemu tu. Nyanzaga, wilayani Sengerema, ni mradi wa kampuni ya Perseus Mining ya Australia kupitia Sotta Mining, ambamo serikali ina hisa. Uamuzi wa kujenga ulitangazwa Aprili 2025, na dhahabu ya kwanza ilipangwa kutoka mwaka 2027. Awamu ya ujenzi ndiyo huajiri watu wengi; uzalishaji ukianza, mgodi wa kisasa huhitaji wachache na wenye ujuzi. Kodi za nyumba Sengerema zitapanda mapema kuliko mishahara ya wenyeji, kama ilivyokuwa Geita. Kijana wa Sengerema atafaidika zaidi akisomea uchomeleaji au umeme wa viwandani katika chuo cha ufundi cha VETA kuliko akikaa kijiweni kusubiri tangazo.

Anayetaka kiwanja kando ya ghuba azingatie nini?

Ardhi nyingi nje ya miji hii ni ya vijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaiweka chini ya halmashauri ya kijiji pamoja na mkutano wa kijiji. Karatasi iliyosainiwa na dalali na shahidi mmoja haitoshi. Muhtasari wa kikao cha kijiji ndio unaomlinda mnunuzi. Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo kiwanja kinachosifiwa kwa kugusa maji mara nyingi hakijengeki. Mita hizo zipimwe kabla ya kulipa, na zipimwe kutoka pale maji yanapofika msimu wa mvua nyingi, maana Ziwa Victoria hupanda: mwaka 2020 lilijaa kupita kiasi na kuwahamisha watu wa ufukweni katika nchi zote tatu zinazolizunguka. Kwa watoto kuna hatari nyingine ya maji yaliyotuama kando ya matete, ambako kichocho huambukizwa, kwa hiyo nyumba ya karibu na ziwa iwe na kisima au bomba ili kuoga na kufua kusifanyike ufukweni.