Dondoo muhimu: Kununua stereo ya zamani bila kuumia mfukoni

Amplifaya za Marantz, Pioneer na Sansui za miaka ya 1970 zimepanda bei. Hata hivyo, muziki mzuri bado unapatikana kwa bei nafuu ukizingatia haya:

• Usikimbilie sura. Zile za rangi ya fedha hugombaniwa. Amplifaya nyeusi za miaka ya 1980 mara nyingi huuzwa rahisi, na nyingi hulia vizuri.

• Soma kibandiko cha nyuma. Vifaa vya soko la Japani hutumia volti 100, vya Marekani 120. Umeme wetu ni volti 230 hadi 240. Ukichomeka moja kwa moja, utaviunguza. Ingiza kwenye hesabu gharama ya transfoma ya kupunguza umeme.

• Vua kitambaa cha spika. Gusa taratibu sponji inayozunguka koni. Ikimomonyoka kidoleni, omba punguzo, kwani itabidi ibadilishwe. Ukingo wa mpira hudumu zaidi.

• Zungusha kila swichi. Mikwaruzo ya sauti mara nyingi huisha kwa kusafishwa. Upande mmoja ukiwa kimya, badilishanisha nyaya za spika. Ukimya ukibaki upande uleule wa amplifaya, hiyo ni kazi ya fundi.

• Kagua mashine ya santuri. Mkanda uliolegea hubadilishwa kirahisi. Kwanza hakikisha sindano yake bado inauzwa.

Sikiliza angalau dakika 15 kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa kuwasha, ondoka.