Mzigo wa Mwenzio

Wahenga walisema: "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Asiyeubeba huuona mwepesi. Tuyapime maneno hayo kwa kuutazama mtaa wa Ironbound, katika mji wa Newark, jimbo la New Jersey, Marekani. Karibu na nyumba za wafanyakazi pana tanuri kubwa la kuchomea takataka, na bandari, na kiwanja cha ndege, na malori mengi.

Je, yote hayo yalikusanyikaje mahali pamoja? Kila mwenye kiwanda aliomba ruhusa yake, na moshi wake ukapimwa peke yake. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Mapafu ya mtoto hayatengi moshi huu na ule, huvuta yote.

Tarehe 18 Septemba 2020, Gavana Phil Murphy alitia sahihi sheria ya kusahihisha kosa hilo. Mtaa ambao angalau asilimia 35 ya kaya zake ni za kipato kidogo huhesabiwa kuwa umelemewa. Atakaye kujenga humo tanuri la namna hiyo sharti aeleze mizigo iliyopo tayari, na awasikilize wenyeji hadharani. Mtaa ukizidi kulemewa kuliko mingine, serikali haina budi kumnyima ruhusa, isipokuwa kwa haja kubwa ya wenyeji wenyewe. Viwanda vya zamani havifungwi, ila vyaweza kuwekewa masharti.

Basi, ndugu wasomaji, kiwanda kinapoletwa mtaani kwenu, ulizeni kwanza: hapa tumekwisha kubebeshwa nini?