Zawadi za Sindano: Mafunzo Niliyopata

Kwa miaka kadhaa sasa zawadi nyingi za ndugu na marafiki zinatoka mikononi mwangu. Sidarizi mashuka wala vitambaa vya makochi vya kujaza sebule. Nashona vitu vidogo: kadi, alama ya kitabu, kifuniko cha jagi, kitambaa cha mkononi chenye herufi mbili pembeni. Mshono wangu ni ule wa msalaba, yaani mistari miwili inayokatana ndani ya kimraba. Wengi wetu tulifundishwa mshono huo kwenye kazi za mikono shuleni, tukauacha hukohuko.

1. Mfikirie mtu kwanza, ua litafuata

Shangazi yangu hasomi vitabu. Ningempa alama ya kitabu angeishukuru sana, kisha angeifungia mfuko wa dawa. Ila jagi lake la maji linakaa mezani kutwa, na msimu wa maembe nzi hawana adabu. Nikamtengenezea kifuniko cha drafti (kitambaa cha miraba) chenye shanga pembeni ili kisipeperushwe na feni. Kinatumika kila siku. Mjomba mstaafu, ambaye nyumba nzima humtafutia funguo asubuhi, alipata kishikio cha funguo chenye herufi za jina lake kwa rangi nyekundu inayoonekana toka mbali.

Michoro nayo naitoa karibu. Korosho la kwenye kanga linapendeza sana, lakini mshono huu haujui mviringo: kila mkunjo unageuka ngazi. Lipe miraba 20 au zaidi kwenda juu, la sivyo watu watakuuliza kwa nini umedarizi kiatu.

2. Hesabu kabla ya mkasi

Kitambaa cha Aida, kilichofumwa makusudi kwa kazi hii, hupimwa kwa idadi ya miraba ndani ya inchi 1. Kilichozoeleka ni cha 14. Kwa hiyo mchoro wenye upana wa miraba 70 utachukua inchi 5, karibu sentimita 13. Ongeza inchi 2 kila upande kwa ajili ya kushikia na kukunjia pindo. Utakata inchi 9. Herufi kubwa za kawaida nazipigia miraba 7 kwenda juu na 5 kwenda kando, na mraba 1 wa nafasi kati yake. Jina la herufi 6 basi linakula miraba 35, yaani inchi 2 na nusu. Hapo ndipo utajua kama linaingia kwenye kadi au halifai. Kisha kunja kitambaa mara mbili, tia alama katikati, anzia hapo.

3. Drafti inatosha

Aida haipo kila duka la vitambaa, lakini drafti ya mashati ya shule ipo, na miraba yake imeshachorwa. Chagua ya pamba. Ile ya nailoni inateleza na kujikunja chini ya sindano. Pima miraba 10 kwa urefu na 10 kwa upana kabla hujalipa, maana drafti nyingine miraba yake si mraba hata kidogo, na ua lako litarefuka kama lililovutwa. Ukishona misalaba myeupe juu ya miraba ya rangi iliyokolea, ikiwa mbali huonekana kama lesi. Hiyo ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, na ni ya bei ndogo kuliko zote.

4. Mama mkwe atageuza nyuma

Akishapokea kitambaa, atatazama mbele kwa adabu, halafu atakigeuza. Kwa hiyo sipigi fundo. Uzi wa kudarizi una nyuzi 6 nyembamba zilizolala pamoja. Kwa Aida ya 14 natumia 2. Nachomoa uzi 1 mrefu, naukunja katikati, napitisha ncha zake mbili kwenye tundu la sindano, na pale unapobaki mkunjo napitishia sindano baada ya mshono wa kwanza. Umekaza, na hakuna kinachovimba. Nikimaliza, nachomeka mkia chini ya mishono ya nyuma. Mstari wa juu wa kila msalaba ulalie upande mmoja tu; ukichanganya, mwanga utakusema.

Nyuzi nyekundu na za buluu iliyoiva zilowane kwanza na zikandamizwe kwa pasi juu ya kitambaa cheupe. Zikiacha rangi, zitafutie kazi isiyofuliwa.

5. Kuchelewa si dhambi

Katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, kuna kitambaa cha Jane Bostocke chenye mishono mingi, na wa msalaba umo. Maandishi yake yanataja kuzaliwa kwa Alice Lee tarehe 23 Novemba 1596. Mwaka alioudarizi Jane kando ya jina lake mwenyewe ni 1598. Mtoto alikuwa anakimbia! Tangu nilijue hilo, kitambaa cha arobaini kikikamilika mtoto ameota meno, naweka tarehe ya kuzaliwa na kukipeleka bila maelezo.

6. Kamati ya harusi

Ukishaonekana una mkono, mtu atakuja: "Dada, tufanyie vitambaa hamsini tu vya meza, kamati italipa uzi." Kitambaa kimoja kidogo kinaweza kula jioni za wiki nzima. Sikatai kwa maneno mengi. Namwambia nitamdarizia bibi harusi kimoja, cha kwake, chenye tarehe. Hamsini ni kazi ya fundi mwenye mashine, na anastahili kulipwa mkono wake, si uzi peke yake.

7. Kabati la vioo

Nilimpa wifi yangu kifuniko. Baadaye nikamuuliza, "Wifi, mbona sikioni kile kifuniko?" Akanipeleka kwenye kabati la vyombo vya wageni. Kilikuwa kimekunjwa vizuri, juu ya sahani ambazo hazijawahi kuona pilau. "Naogopa kukichafua, wifi yangu."

Sikubishana naye. Siku hizi vitu vya jikoni navitoa viwiliviwili vinavyofanana: kimoja kinaingia kabatini, cha pili kinakwenda kazini.