Kungoja Mpaka Mei

Andiko la somo: Mithali 13:11, Yakobo 5:7

Majuzi ndugu mmoja wa ushirika wa vijana aliniambia, "Pasta, niliacha kubeti kila wikendi. Siku hizi naweka mara moja tu, Agosti, kwa timu itakayochukua Ligi Kuu ya Uingereza. Hiyo si kamari, ni uwekezaji." Nikamuuliza hiyo pesa ilikuwa ya nini. Akanyamaza. Ilikuwa karo ya mdogo wake.

Nilisomea biashara, kwa hivyo tufanye hesabu.

Kwanza, pesa inafungwa. Unalipa Agosti, jibu ni Mei. Januari shule zikifunguliwa, huna kitu mkononi. Hata ukiruhusiwa kuuza tikiti mapema, kampuni ndiyo inapanga bei. Kwenye chama, elfu moja yako inabaki yako.

Pili, odi zimekatwa. Chukua 100, gawanya kwa odi ya kila timu, kisha jumlisha timu zote 20. Hesabu ya haki ingetoa 100. Ya kampuni hupita hapo, na ile ziada ndiyo chakula chao. Kwenye beti za msimu mzima, mara nyingi ziada hiyo ni kubwa kuliko ya mechi moja.

Tatu, tunakumbuka mshindi tu. "Lakini Pasta, Leicester City!" Kweli, 2015 walipewa odi ya 5,000 kwa 1, na Mei 2016 wakachukua kombe. Lakini katika misimu 23 kabla ya huo, tangu 1992, ni timu tano pekee zilizokuwa zimeshinda ligi hiyo. Waliobeti timu ndogo miaka hiyo yote, nani anasimulia habari zao?

Mtu atasema: hata mkulima wa Yakobo anangoja. Ndiyo, lakini mkulima amepanda, anapalilia, na mvua ikikosa shamba bado ni lake. Aliyebeti hana cha kupalilia. Wapendwa, kungoja peke yake si imani. Mithali inatufundisha kukusanya kidogo kidogo kwa kazi ya mikono.

Yule ndugu bado anangoja Mei. Karo ya muhula huu tumeichanga kwenye ushirika, naye amekubali kurudisha Sh200 kila wiki. Hiyo sasa ni mbegu.

Swali la ushirika wa nyumbani: Ni pesa gani nyumbani kwako tayari ina mwenyewe, lakini unaiita ya ziada?